Ngangari Si Mkaidi

Mwaka 2001 nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi wilayani Mufindi. Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha yenye kichwa "Babu Yangu", nami nikaandika, pamoja na mengine, kwamba babu yangu ni mzee sana lakini bado yuko ngangari. Daftari liliporudi nilikuta neno hilo limekatwa kwa wino mwekundu. Kalamu ilikuwa imepita mara mbili mpaka karatasi ikachanika kidogo. Juu yake mwalimu aliandika "mkaidi". Pembeni akaongeza: "Usirudie kuandika neno hili."

Babu niliyemwandika alikuwa akiamka kabla ya jogoo wa pili, ukungu ukiwa bado umefunika mashamba ya chai ng'ambo ya bonde. Alijifunga koti lake kuukuu la sufu kwa kamba ya katani kiunoni, akachukua jembe na kwenda kuinua matuta ya viazi. Alikuwa na goti bovu. Akifika mwisho wa tuta alisimama, akaegemea mpini, akalinyoosha lile goti taratibu kwa mkono, kisha akageuka kuanza tuta jingine. Majirani waliopita njiani walimpa salamu, "Kamwene", wakasemezana: mzee bado ngangari. Hakuna kati yao aliyemaanisha kwamba mzee yule ni mgomvi.

Namwelewa mwalimu. Alikuwa mtumishi wa serikali, na muda si mrefu kabla ya insha ile neno hilo lilikuwa limetajwa redioni pamoja na risasi. Lakini kosa lake nimelisikia miaka yote iliyofuata, likirudiwa na watu ambao hawana hofu aliyokuwa nayo yeye: maofisini, kwenye mabasi ya Mbeya, kwenye mahubiri, kwenye vijiwe vya Miomboni mjini Iringa. Sasa ni wazo la wengi, na mimi nalipinga.

Wazo lenyewe, nikilieleza kwa haki, ni hili. Ngangari ni neno la siasa, liliingia midomoni mwa watu kupitia chama cha upinzani cha CUF katika uchaguzi wa mwaka 2000. Lilikuwa tangazo la kuwa tayari kupambana na dola, kwa hiyo anayelitumia anaita fujo. Kimaana ni ndugu wa ukaidi, ubishi na ukorofi, tofauti ni kwamba hili limevalishwa nguo ya sifa. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini, wanasema, tunalipenda kwa sababu ndivyo tulivyoumbwa: Mhehe ana hasira za Mkwawa, kijana wa Mbeya ana jiwe mkononi.

Wanaosema hivi hawakosi ushahidi. Novemba 2011 vijana wa Mwanjelwa, Mbeya, walipambana na polisi baada ya wamachinga kuondolewa kando ya barabara, na matairi yakawaka katikati ya njia kuu iendayo Zambia. Isimani, mwaka 1971, mkulima alimpiga risasi mkuu wa mkoa akamuua. Haya yalitokea. Sitayazunguka.

1. Kwamba ni neno la jukwaani

Kampeni ya 2000 ndiyo iliyolipeleka neno hili kila kona ya nchi, hilo nakubali. Wafuasi wa CUF walilipaza, na Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, Omari Mahita, akawajibu kwamba ikiwa wao ni ngangari, basi polisi ni ngunguri. Kisha ikaja Januari 26 na 27, 2001. Watu zaidi ya 30 waliuawa polisi walipozima maandamano ya CUF, wengi wao huko Pemba na Unguja, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mpaka Muafaka wa CCM na CUF ulipotiwa saini Oktoba mwaka huo, neno na maiti vilikuwa vimezoeleka kutajwa kwa pumzi moja.

Tazama lakini jinsi jibu lile lilivyotengenezwa. Polisi walikuwa na maneno yao tayari: ulinzi, usalama, utulivu. Hayakutumika. Lilichukuliwa neno la upande wa pili, likabadilishwa irabu, na kikapatikana kitu kinachounguruma kama radi. Tangu hapo maneno yale mawili yakasimama mbele ya wananchi kama jogoo wawili uwanjani, na ngangari likaanza kusomwa kupitia ngunguri. Maana ya kupiga ilitoka kwa neno la kujibu, ikamwagikia neno lililojibiwa. Watu wengi wanaodhani wanaichukia ngangari, wanachokichukia hasa ni ngunguri.

Neno halimilikiwi na aliyelipaza zaidi. Nenda gereji za Ipogolo, pale malori yanapopumzika baada ya kupanda Kitonga. Fundi atalala chini ya lori lenye umri wa kumzidi, atoke na mikono myeusi, amwambie dereva: "Kaka, injini bado ngangari, badilisha oili tu." Nenda msibani Tukuyu usikie mjane anavyoshikwa mkono: "Kaa ngangari, mama, watoto wanakutazama wewe." Fundi hatangazi vita na mtu, wala mjane hajaombwa kurusha jiwe. Wanaongelea chombo au mtu aliyebebeshwa mzigo mzito akabaki wima. Kaulimbiu ya 2000 ilishika haraka kwa sababu ilimkuta msikilizaji ana mahali pa kuiweka.

2. Kwamba maana yake ni kushambulia

Hapa sarufi yenyewe inakataa. Kwa Kiswahili unaweza kumpiga mtu, kumvamia, kumpinga, kumgomea. Huwezi *kumngangari* mtu. Neno hili halina mtendwa. Unakaa ngangari, unasimama ngangari, unabaki ngangari: vitenzi vyote vinavyoambatana nalo ni vya mtu ambaye hajaondoka mahali pake. Jirani zake kwa sauti ni kukakamaa, kugangamala, kung'ang'ana. Katika maneno hayo nguvu inakaa ndani ya mwili wa mwenye nayo, haiendi kumwangukia mwingine. Lugha nzima ingebidi ipinduliwe ili neno hili liwe la shambulio.

Wananijibu kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Lugalo, Agosti 17, 1891: Wahehe waliwavizia Wajerumani vichakani, wakamuua kamanda Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake kwa muda mfupi mno. Hilo, wanasema, halikuwa kusimama tu. Nakubali, halikuwa. Lugalo ilikuwa vita, na ilikuja baada ya Zelewski kupita akichoma vijiji vya watu na kuwapiga risasi wajumbe waliotumwa kwake. Lakini ikiwa ngangari ya Mkwawa ni Lugalo peke yake, basi ilikuwa ya asubuhi moja, na Wahehe wasingekuwa na sababu ya kumkumbuka kwa miaka saba iliyofuata.

Miaka hiyo saba ndiyo inayopitwa haraka vitabuni, na ndiyo yenye maana ya neno. Oktoba 1894 Wajerumani waliipiga Kalenga kwa mizinga, ngome ya mawe ikaanguka. Mkwawa hakuwa tena na mji wala ghala. Kichwa chake kiliwekewa bei ya rupia 5,000, fedha ambayo mkulima wa Uhehe asingeiona maishani mwake. Alihama kutoka msitu hadi msitu karibu miaka minne, na vijiji vilimlisha. Fikiri juu ya mama ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliyepika ugali wa mtama usiku, akaufunga, akautuma porini, na kesho yake akaulizwa na askari kama amemwona mtu. Akasema hajamwona. Mama huyo hakushika mkuki. Nikiulizwa nimwonyeshe mtu ngangari katika historia ya Iringa, nitamwonyesha yeye kabla ya shujaa yeyote wa Lugalo, na shauri la kutafuta ushujaa kwenye idadi ya waliouawa nitaliacha kwa wengine.

Mkwawa alijiua Mlambalasi, Julai 19, 1898, ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliagiza fuvu hilo likabidhiwe ndani ya miezi sita. Lilirudi Juni 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining. Kati ya agizo na utekelezaji ilipita miaka 35, na Kalenga haikuliacha jambo hilo lizikwe. Nani alishambuliwa na subira hiyo?

3. Kwamba iko kwenye damu yetu

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linasemwa na maadui zetu na linasemwa na sisi wenyewe kwa kujisifu. Anayetukana anasema Wahehe wana hasira. Anayejipongeza anasema tuna damu ya Mkwawa. Wote wawili wanakubaliana kwamba hatuna hoja, tuna damu.

Basi na tuifuate damu. Mpangile alikuwa ndugu wa Mkwawa. Mwishoni mwa 1896 Wajerumani walimweka awe mtawala wa Wahehe, naye akakubali. Mwanzoni mwa 1897, hata miezi mitatu haijaisha, walimshuku na kumuua. Damu ileile, njia tofauti, na kuinama kwake hakukumwokoa. Nenda kusini-magharibi kidogo, Usangu, ambayo leo iko Mbarali mkoani Mbeya. Wasangu wa Mtwa Merere walikuwa wamefukuzwa na Wahehe kutoka nchi yao, wakajihami karibu na milima ya Mbeya. Mjerumani alipokuja walishirikiana naye, na kwa njia hiyo wakarudi Utengule yao. Waite wasaliti ukipenda. Mzee wa Usangu atakwambia babu zake walisimama kutetea ardhi yao dhidi ya aliyewanyang'anya, na aliyewanyang'anya alikuwa Mkwawa. Hilo ni jambo la sababu na hesabu za watu waliokuwa wakitafuta pa kuishi. Damu haielezi lolote hapo.

Mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ndiye aliyekalia kiti cha Spika wa Bunge letu tangu 1962, na ukiondoa miaka michache ya katikati, alikikalia mpaka 1994. Kazi ya Spika ni kusikiliza maneno ya watu wanaopingana na kuhakikisha kila mmoja anamaliza sentensi yake. Kama damu hubeba hasira, hii ilipoteza mzigo wake njiani.

Gharama ya wazo hili la damu inalipwa na watu halisi. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, polisi walikuwa wakizuia shughuli za chama cha siasa. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, alikuwa pale kwa kazi yake. Alizingirwa na askari, akapigwa, na bomu la machozi likafyatuliwa mwilini mwake kwa karibu. Tumbo lilipasuka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15.

Siku zile nilikuwa Iringa. Kabla ya matanga kuisha nilisikia kwa masikio yangu mtu mzima akisema, akitikisa kichwa kwa huzuni: "Ndiyo hao Wahehe, hawasikii, wanapenda kuwa ngangari." Alimaanisha kufariji. Tazama lakini kilichotokea ndani ya sentensi ile. Mtu aliyekuwa na kamera amekufa, na ndani ya maneno machache sababu ya kifo chake imehamishwa kutoka mkono ulioshika bunduki hadi kabila la marehemu. Neno lililopaswa kuwa sifa yake limegeuzwa kuwa shitaka lake. Hilo hufanyika kwa urahisi pale tu watu wanapokuwa wamekwisha kukubaliana kwamba ngangari ni kuanza ugomvi.

Na kama kulikuwa na ngangari Nyololo, ilikuwa ya waandishi wenzake ambao vidole havikuondoka kwenye kamera. Picha ya Mwangosi akiwa katikati ya askari ilichapishwa, nchi nzima ikaiona.

4. Kwamba Mwamwindi ni mfano

Nimeahidi kutoizunguka Isimani. Krismasi ya 1971, Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alimkuta Saidi Mwamwindi shambani kwake akilima. Ilikuwa enzi ya kuwaingiza watu wa Isimani katika vijiji vya ujamaa, na wakulima waliokuwa wamefungua mashamba makubwa ya mahindi kwa trekta walikuwa wakiyapoteza. Yalipita maneno makali, karibu na makaburi ya jamaa wa mwenye shamba. Mwamwindi akachukua bunduki, akaua. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaendesha hadi polisi mjini, akajisalimisha. Alihukumiwa kifo na akanyongwa.

Nimekaa na wazee wanaomtaja kwa sauti ya chini na kumwita ngangari. Nawaheshimu, na nasema hapana. Risasi ile ilipigwa na mtu aliyevunjika. Matusi yalifika mahali akashindwa kuyabeba. Wanaomsifu wanalitumia neno sawasawa na wanaotulaumu: kwa wote, kipimo ni bunduki. Ngangari ya Isimani ilikuwepo kabla ya siku ile. Ilikuwa ya wakulima walioendelea kuuliza, kikao baada ya kikao, kwa nini mtu aliyeng'oa visiki kwa mikono yake aitwe mnyonyaji. Swali hilo lilikuwa na uzito, na siku Kleruu alipouawa lilizikwa pamoja naye, maana nani angethubutu tena kuliuliza? Leo tuna chuo cha ualimu chenye jina la Kleruu mjini Iringa, na tuna hadithi ya Mwamwindi ya kunong'onezana. Hoja za wale wengine waliokataa bila kuua hazina chuo wala hadithi. Hiyo ni hasara ya kuchanganya maneno, na tumeibeba zaidi ya miaka 50.

Vilevile Mwanjelwa. Aliyechoma tairi barabarani alikuwa na hasira, na huenda alikuwa na haki ya kuwa nayo. Dada aliyerudi kesho yake asubuhi na beseni lake la ndizi, akatafuta pa kuliweka kwa sababu nyumbani kuna watoto, huyo ndiye niliyefundishwa na majirani wa babu kumwita ngangari.

5. Kwamba ngangari na mkaidi ni mamoja

Mbeya ina neno lake jingine la kuthibitisha ninachosema. Joseph Mbilinyi, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini kati ya 2010 na 2020, anafahamika zaidi kwa jina lake la muziki, Sugu. Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema hadharani dhidi ya Rais, akatoka Mei kwa msamaha. Sijali hapa chama chake. Najali neno. Sugu ni ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kushika mpini, haimdhuru mtu yeyote, inamkinga mwenye kazi asichubuke. Lakini sikiliza taarifa za habari: mhalifu sugu, mdaiwa sugu, tatizo sugu. Ngozi ya mkulima imepelekwa mahakamani. Ndivyo maneno ya watu waliosimama yanavyochukuliwa, moja baada ya jingine, na kurudishwa kwao yakiwa lawama.

Na mkaidi? Kiswahili kina methali zake kwa ajili yake, wala hazimpendi: hafaidi ila siku ya Idi. Mkaidi ni mtu aliyeambiwa akakataa. Sina ugomvi na neno hilo, lina kazi yake. Ugomvi wangu ni na mkono unaolichukua na kuliandika juu ya jingine.

Siku ile nilirudi nyumbani na daftari, nikamkuta babu amekaa kwenye kigoda, mguu wenye goti bovu ameunyoosha kuelekea jikoni upate joto. Hakujua kusoma. Akaniambia nimsomee nilichoandika juu yake. Nikasoma. Nilipofika pale penye wino mwekundu nikasita, akaona. Akaniambia nisome na alichoandika mwalimu. Nikasoma: mkaidi. Babu alinyamaza kidogo akisugua goti, kisha akaniuliza, na hakuwa na utani usoni:

"Kwani mjukuu wangu, mwalimu wako aliniambia nini nikakataa?"